Nywele za Kuazima

Sehemu ya Sita

Mlinzi alikuwa amesimama mlangoni na rungu lake, miguu ameitanua, na nyuma yake mlango wa benki umefungwa. "Mzee," alimwambia Tabasamu, "umeambiwa usitoke."

Hapo ndipo tulipoachana, msomaji, na najua kuna waliokasirika. Mmoja alinibana kwa kinyozi, nusu ya kichwa changu imenyolewa na nusu bado, akitaka nimwambie palepale nini kinafuata. Nilimjibu kwamba hata mimi sijui, maana nilikuwa sijaandika.

Kwa yule aliyefungia sabuni gazeti la wiki iliyopita kabla hajalisoma, mambo ni haya. Tabasamu ni mpigapicha mwenye studio ya chumba kimoja. Jina lake halisi watu walishalisahau, kwa sababu miaka thelathini amewaambia neno hilohilo moja. Katika akaunti yake mna fedha walizochanga ndugu watano kwa ajili ya operesheni ya jicho la mama yao. Jicho la kushoto lilishazima; limebaki la kulia, nalo linafifia. Bingwa wa macho amekuja kwa wiki moja tu, kesho anamaliza, akiondoka harudi mpaka mwakani. Asiyelipa leo kabla ya saa kumi na moja jioni jina lake linakatwa. Saa nane mchana Tabasamu amefika benki kutoa fedha, na karani amemtazama, akatazama kompyuta, akasema maneno matatu: "Akaunti imefungwa. Udanganyifu."

"Mimi?" Tabasamu aliuliza, akageuka kutazama nyuma, labda mwizi yuko kwenye foleni.

"Wewe, na usitoke," alisema karani. Tabasamu alijaribu mlango, mlinzi akamrudisha kama mlivyoona. "Pita chumba cha ndani. Mkaguzi anakusubiri."

Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi aliyetumwa kutoka makao makuu. Alikuwa na tabia ya kuvua miwani kila anaposikia uongo. Aliivua kabla Tabasamu hajakaa.

"Wewe ni nani?"

"Mwenye akaunti."

Mkaguzi alimsogezea picha ndogo mezani. "Na huyu ni nani?"

Picha ilikuwa ya bwana wa miaka thelathini na kitu. Nywele nyeusi, nzito, zimechanwa upande. Mashavu laini, shingo imenyooka, macho yamelala usingizi wa kutosha. Alivaa koti la kijivu na tai nyekundu yenye mistari.

"Ni mimi," alisema Tabasamu.

"Vua kofia."

Tabasamu alisita. Kofia ile huwa haivui hata akilala mchana. Aliivua. Feni ya darini ilipuliza kipara ambacho hakikuwa na unywele hata mmoja wa kupeperusha.

"Nitakuuliza tena," alisema Mkaguzi taratibu. "Huyu ni nani?"

"Ni mimi, mheshimiwa. Ila nimejirekebisha kidogo."

"Kidogo?"

Hapo Tabasamu akaona heri aseme kweli yote. Miaka minne iliyopita, alipokuwa anafungua akaunti, alijipiga picha mwenyewe studio, akakaa mbele ya kompyuta kuisafisha. "Nilisema nitaishia kwenye nywele tu," alieleza. "Lakini nywele zikadai mashavu. Mashavu yakadai shingo. Nilipofika machoni kulikuwa hakuna tena cha kuokoa."

"Una miaka mingapi?"

"Hamsini na sita."

"Na kitambulisho chako kina kipara."

"Kile walinipiga watu wa serikali, mheshimiwa. Hawana huruma."

"Kazi yako ni kutengeneza picha. Nitajuaje kitambulisho hiki hukukitengeneza?"

"Mheshimiwa," Tabasamu alisema kwa uchungu wa kweli, "ningekitengeneza mimi kingekuwa na nywele."

Mkaguzi hakucheka. Alifungua bahasha kubwa, akaanza kupanga picha mezani, moja baada ya nyingine. Meza ikajaa, akaanza safu ya pili. Zilikuwa picha arobaini na mbili za wateja wa benki ile, wanaume na wanawake, wazee na vijana. Wote walivaa koti la kijivu. Wote walivaa tai nyekundu yenye mistari, na fundo la tai lilikuwa lilelile.

"Nina miaka kumi na saba katika kazi hii," alisema Mkaguzi. "Nimekamata watu arobaini wenye anwani moja. Nimekamata watu ishirini wenye namba moja ya simu. Watu arobaini na wawili wenye koti moja sijawahi kuona. Mtandao huu mkubwa wake ni nani?"

Tabasamu alizitazama sura zile akaona wateja wake wote, majirani zake, watu anaosalimiana nao kila asubuhi. "Hawa si mtandao. Huyu ni fundi bomba. Huyu anauza mitumba. Huyu ni mwalimu wa hesabu. Koti ni langu, la studio. Mtu anakuja na fulana imetoboka kwapani, nyinyi mnataka picha ya heshima, nifanyeje? Namvalisha."

"Na wanawake?"

"Bega ni bega, mheshimiwa. Nyuma nabana kwa vibanio vya nguo."

(Mimi ninayewasimulia nimo humo mezani, picha ya ishirini na tatu. Siwezi kumcheka mtu.)

"Haya," alisema Mkaguzi, akachomoa picha kumi na moja akaziweka kando. "Na hawa?"

Wale kumi na moja, ukiachilia mbali koti, walikuwa na nywele za mtu mmoja. Njia ya chanuo ilipita palepale, na juu ya sikio la kushoto kila mmoja alikuwa na kishungi kilichokataa kulala.

Tabasamu alishusha sauti. "Hao wana kipara. Mimi pia nimo. Nywele ni za mteja mmoja, zilikaa vizuri, nikazihifadhi kwenye kompyuta. Mtu mwenye kipara akija ananyong'onyea mbele ya kamera, basi namsitiri."

"Mwenye nywele alikubali?"

"Sikumwambia."

Mkaguzi alikunywa maji, akanywa tena, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Alipoweka glasi chini uso ulikuwa umerudi kazini. "Sikiliza, mzee wangu. Nataka mtu mmoja mwenye akaunti hapa aje athibitishe kwamba wewe ni wewe. Sharti ni moja. Picha yake isiwe na koti hili."

Tabasamu alitaja mwalimu. Picha ya nne. Alitaja fundi bomba, ya kumi na mbili. Alimtaja kinyozi wake, akakumbuka kwamba hana sababu ya kuwa na kinyozi, na hata hivyo kinyozi alikuwa picha ya tisa, amevaa koti na zile nywele. Katika mtaa mzima hakubaki mtu mwenye sura yake mwenyewe.

Alibaki mmoja tu. Tabasamu alimkumbuka, akatamani asimkumbuke.

Dada yake mkubwa alikataa katakata kupigwa picha studio kwake. "Sura hii nimepewa na Mungu," alimwambia siku alipohitaji picha ya benki. "Wewe nani umsahihishe?" Akavuka barabara akaenda kupiga kwa mshindani, na Tabasamu akamnunia miezi mitatu.

Alimpigia. Simu haikuita mara mbili.

"Umekula hela ya mama!" alisema Dada.

"Shikamoo, Dada."

"Shikamoo yako weka mfukoni. Wadogo zako wote wananipigia mimi. Hospitali haijalipwa, wewe hupokei simu. Umezila?"

"Sijazila. Akaunti imefungwa."

"Imefungwa na nani?"

"Na benki. Wanadhani mimi si mimi."

Dada akaongea polepole, na hapo ndipo anapotisha. "Baba Watoto aliniambia tangu siku ya kwanza. Alisema fedha ya familia haiwekwi kwa mtu ambaye kazi yake ni kudanganya kwa kamera. Mimi nikakutetea. Mimi, mjinga, nikakutetea!"

"Dada, njoo benki. Uje useme mbele yao kwamba unanijua. Wewe tu ndiye wanayeweza kumwamini."

"Kwa nini mimi?"

Jibu lilikuwa chungu, lakini Tabasamu alilitoa. "Kwa sababu wewe ulikataa picha yangu."

Alipokata simu saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika hamsini. Alikaa akiishika kofia mapajani. Juzi koti la studio alilipeleka nyumbani kufuliwa, akalitundika mlangoni, na mama akapita akasimama mbele yake akaliuliza habari za watoto wake. Halikujibu, mama akasema watu wa siku hizi wana majivuno. Wote walicheka nyumba nzima. Sasa Tabasamu hakuona cha kuchekesha. Mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi la hospitali tangu asubuhi, na yeye alikuwa hapa akihojiwa kuhusu nywele ambazo hana.

Dada aliingia saa tisa na dakika ishirini, anahema, mkoba umebanwa kwapani. Hakumsalimu mdogo wake. Mkaguzi alimkaribisha kiti, akafungua jalada lake kwenye kompyuta. Picha ya Dada ilitokea jinsi alivyo, mikunjo yote, kipaji chote cha uso, na jicho la mtu anayedai.

"Huyu hatiliwi shaka," alisema Mkaguzi, akaridhika kabisa. Kisha akasukuma ile picha ya bwana wa nywele. "Mama, mdogo wako ndiye huyu?"

Dada aliitazama. Akaigeuza kwenye mwanga. "Huyu simjui."

"Dada!"

"Nimeulizwa, nimejibu. Huyu simjui hata kidogo. Kwetu hatuna mtu wa namna hii."

Mkaguzi alianza kuandika. Tabasamu aliinuka nusu. "Mheshimiwa, muulize na mimi! Muulize huyu aliyekaa hapa!"

"Na huyu bwana aliyekaa hapa?"

Dada alimgeukia mdogo wake, akamtazama kuanzia kwenye kipara mpaka kwenye viatu, na kwa kweli alichukua muda wake. "Huyu ndiye. Hata ningetaka kumkana nisingeweza. Hicho kichwa ni cha marehemu baba, kimehamishwa kama kilivyo."

Tabasamu hakuwahi kusikia kipara chake kikisifiwa vizuri hivyo. Alirudi kitini, machozi yanamlengalenga, akataka kumshika Dada mkono. Dada aliuondoa, lakini si kwa nguvu. "Na hayo manywele umeyatoa wapi, mtu mzima wewe? Nguo ya kuazima haisitiri matako, seuze nywele."

"Basi tumemaliza," alisema Tabasamu. "Mheshimiwa, fungua akaunti. Tuna dakika thelathini na tano kabla hamjafunga."

"Hatujamaliza," alisema Mkaguzi.

Alifunga ile bahasha ya picha, akaiweka mbali. "Koti lilinishangaza, lakini mimi sifungi akaunti kwa sababu ya koti. Mzee, kitabu chako cha benki kiko wapi?"

"Kimepotea. Nilikiweka kwenye droo nyumbani, sikioni tangu wiki mbili zilizopita. Nimeleta karatasi ya polisi ya upotevu, karani anayo."

Mkaguzi alitoa kitabu kwenye mtoto wa meza. Kilikuwa ni kitabu cha Tabasamu, na ile picha yake ya nywele imebandikwa ndani. "Jumatatu saa nne asubuhi mtu alikuja na hiki, akaomba kutoa fedha zote. Kitambulisho alisema amesahau nyumbani. Karani wetu ni mgeni kazini. Akatazama picha ya kitabuni, akamtazama mtu, akaona ni yeye. Kilichomkwamisha ni sahihi. Alitia ya kwanza ikakataa, akatia ya pili ikakataa. Karani alipoinuka kumwita msimamizi, mtu akaacha kitabu akatoka mbio. Fedha zipo, hazikuguswa. Akaunti nikaifunga saa ileile."

"Karani aliona ni mimi?" Tabasamu aliuliza. "Mimi mwenyewe leo amenikataa!"

"Yule alifanana na picha yako kuliko unavyofanana nayo wewe."

Akageuza kompyuta. Kamera ya dirishani ilikuwa imemkamata mtu kutoka juu, amevaa shati la mikono mirefu, ameinamisha uso. Sura haikuonekana vizuri. Nywele zilionekana zote.

Tabasamu alizijua. Alikuwa amekaa jioni mbili nzima akizikata kwenye kompyuta uzi kwa uzi, na kile kishungi cha juu ya sikio la kushoto kilimtesa kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya. Alimjua mwenye nywele zile. Alikuwa shemeji yake, mume wa mwanamke aliyekaa hapo kando yake na mkoba kwapani.

Na msomaji, huyu mtu tuliyemcheka tangu juu ya ukurasa, aliyejipaka ujana na kuwavika watu arobaini koti moja, alifanya jambo ambalo sikulitegemea kwake. Alikunja mikono.

"Unamjua?" Mkaguzi aliuliza.

"Simjui."

Miwani ikavuliwa. "Fikiri vizuri, mzee. Hizi ndizo zile nywele, na mwenyewe umesema ni za mteja wako."

"Nina wateja wengi. Simjui."

"Unaelewa kwamba ukimficha, akaunti haifunguki?"

"Naelewa." Alifikiria jicho la mama, akafikiria Dada na watoto wake wanne, akashindwa kuchagua.

"Rudisha nyuma kidogo," alisema Dada.

Mkaguzi alirudisha. Mtu wa kwenye kompyuta aliingia tena, akasimama tena, akanyoosha mkono kuchukua kalamu.

Dada aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. "Hilo shati nililipiga pasi mimi," alisema. "Jumatatu asubuhi. Kifungo cha mkono wa kulia hakifanani na vingine, nilikishona mwenyewe. Aliniambia ana kikao."

Akainuka kutoka kwenye kioo.

"Huyu ni mume wangu," alisema Dada. Akamgeukia mdogo wake. "Na wewe ulimjua."

"Dada..."

"Mchana huu nakuita mwizi, na hapa ulimjua ukanyamaza."

"Ningesemaje?"

Dada aliuachia mkoba, ukaanguka mapajani.

Mkaguzi akavuta fomu. Aliongea kwa upole, lakini maneno ya fomu hayana upole. Dada akitia sahihi kwamba anamtambua mtu yule, akaunti inafunguliwa sasa hivi, fedha zinatoka, na jalada linakwenda polisi leo hii. Asipotia, jalada linakwenda makao makuu kuchunguzwa, siku ishirini na moja za kazi.

"Ni saa tisa na dakika arobaini na mbili," aliongeza. "Tunafunga saa kumi."

"Dada, usisaini," alisema Tabasamu. Alijishangaa mwenyewe. "Tutaomba. Nitauza kamera."

"Nani atanunua kamera yako kwa dakika kumi na nane?"

Hapo simu ya Dada ikaita kwenye mkoba. Aliitoa, akaitazama, akaiweka mezani wote waone. Ilikuwa ni Baba Watoto. Alibonyeza spika.

"Mama Watoto, uko wapi?" Sauti ya shemeji ilikuwa tamu, imejaa wasiwasi. "Mimi niko hospitali na mama, nimemkuta peke yake kwenye benchi, maskini. Yule mdogo wako bado hajaleta fedha?"

"Bado," alisema Dada.

"Nilikwambia mimi! Sasa sikia, zikipatikana msizilete wenyewe, mtachelewa na foleni. Nitumieni kwenye simu yangu. Niko jirani kabisa na dirisha la kulipia, nitamlipia mimi."

Tabasamu aliuma ukingo wa kofia asipige kelele. Mkaguzi alikuwa anaandika kila neno.

"Ngoja, mama anataka kukusalimia," alisema shemeji.

Kukawa na mkwaruzo, kisha sauti ya mama, kubwa, maana anaamini simu haisikii vizuri. "Mwanangu! Usihangaike, na usimgombeze mdogo wako. Mimi siko peke yangu. Mkwe wangu ameketi hapa, amenishika mkono. Huyu ndiye mtu, mwanangu. Sura yake siioni, lakini moyo wake nauona."

"Ndiyo, mama," alisema Dada.

"Mtafika?"

"Tutafika, mama."

Alikata simu, akaigeuza kifudifudi juu ya meza. Tabasamu alimwona dada yake akilia kwa mara ya kwanza tangu msiba wa baba yao, na alilia bila sauti, uso umenyooka.

Kisha Dada akajifuta kwa ncha ya mtandio, akavuta fomu karibu, akaokota kalamu.

"Mkaguzi," aliuliza, "hapa panaposema jina langu kamili, nimalizie na la mume wangu, au naruhusiwa kumalizia na la baba yangu?"